Maswali ya Wasomaji: Bendi za Roki Zilizosahaulika na Santuri Zake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu roki ya mwanzo wa miaka ya 1970: bendi zilizopotea, namna ya kuzipata, na nini cha kufanya na santuri zilizokaa masandukuni. Kabla ya majibu tuna ombi moja kwa kila msomaji. Ukikuta santuri ya zamani, usikimbilie kuipiga, na usiioshe kwanza. Nakili kwanza kila kilichoandikwa juu yake. Bendi nyingi zilizofufuliwa zilifufuliwa kwa sababu mtu mmoja alitunza nakala moja yenye maandishi yanayosomeka.

Mbukwenyi wahariri. Nimekua nikisikiliza Deep Purple na Black Sabbath za baba, na sasa nimezimaliza. Nataka bendi za kati ya 1970 na 1975 ambazo watu wamezisahau. Nianzie wapi? Na kama zilikuwa nzuri, mbona zilisahaulika?
*Msomaji, Area C, Dodoma*

Mbukwa. Anzia Zambia, kabla hujavuka bahari yoyote. Huko ndiko ilikozaliwa roki inayoitwa Zamrock. Vijana wa Lusaka na miji ya shaba walichukua magitaa ya umeme, wakayapitisha kwenye fazi, kile kifaa cha mguu kinachoikwaruza sauti makusudi, kisha wakaimba kwa Kiingereza na kwa lugha zao.

Bendi ya kwanza kuitafuta ni WITCH. Mwimbaji wake ni Emanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Wengi huanza na albamu yao ya kwanza, Introduction. Sisi tunakushauri uanze na Lazy Bones!! ya 1975, kwa kuwa humo bendi imeshakomaa na gitaa la solo limepata sauti yake yenyewe. Ukitoka hapo nenda kwa Amanaz, albamu ya Africa ya 1975. Hii uwe nayo makini: iko michanganyo miwili, yaani namna mbili za kupanga sauti za rekodi ile ile, mmoja mkavu na mmoja wenye mwangwi mwingi. Mtu akikwambia albamu hiyo inasikika kama imepigwa kisimani na mwingine akakataa, wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja amesikia mchanganyo wake. Sisi tunaupenda mkavu, maana ndio unaoonyesha vizuri mazungumzo ya magitaa mawili.

Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ina tarumbeta na ngoma za asili ndani ya roki. Wings of Africa ya 1975 ndiyo mlango wake. Ngozi Family ya Paul Ngozi ni kinyume kabisa: watu wachache, gitaa kali lisilopambwa, ujumbe wa moja kwa moja. Day of Judgement ilitoka 1976, mwaka mmoja nje ya mpaka uliojiwekea, lakini usiiache.

Kwa nini walipotea? Rais Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, na agizo hilo liliwapa vijana sababu ya kurekodi. Lakini nchi iliishi kwa shaba. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia 1974, huku mafuta yakiwa yamepanda, fedha za kigeni zikakauka, na vyombo vya muziki na malighafi ya santuri vikawa haba. Halafu disko likaingia kwenye kumbi. Katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Santuri zilikuwa zimechapwa chache na kuuzwa humo humo nchini, kwa hiyo nje hakuna aliyezijua. Ufufuo ulikuja zaidi baada ya 2010, pale kampuni kama Now-Again ya Los Angeles zilipozitoa upya kwa makubaliano na wanamuziki waliobaki. Jagari akarudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango.

Kwa Nigeria tafuta Ofege, wanafunzi wa sekondari ya St. Gregory's mjini Lagos waliorekodi Try and Love mwaka 1973, na BLO, ambao Chapter One yao ilitoka mwaka huo huo. Kwa Kenya iko Matata, waliohamia London na kurekodi na kampuni ya President (albamu yao Independence ni ya 1974), na Black Savage, ambako alipitia Job Seda, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Ayub Ogada.

Ng'ambo orodha ni ndefu, tutakupa nne tu. Big Star wa Memphis walitoa #1 Record mwaka 1972. Wahakiki waliwasifu, lakini msambazaji hakuifikisha madukani. Fanny walikuwa bendi ya wanawake pekee, wakarekodi albamu yao ya kwanza na Reprise mwaka 1970, na ni wapigaji hasa. Flower Travellin' Band wa Japani walitoa Satori mwaka 1971, nzito kuliko nyingi za Uingereza za mwaka huo. Death, ndugu watatu weusi wa Detroit, walirekodi mwaka 1975. Kampuni kubwa iliwataka wabadili jina, wakakataa, wakachapa nakala 500 za santuri ndogo kwa fedha zao. Nyimbo zao zilitoka kama albamu mwaka 2009.

Utaona kuwa sababu ya kusahaulika karibu kila mara ni usambazaji, ubora haukuhusika. Basi usitafute kwa kufuata umaarufu. Chukua albamu moja uliyoipenda, andika jina la kampuni, la studio, la mtayarishaji na la kila mpigaji, kisha tafuta wapi majina hayo yanajitokeza tena. Ukifanya hivyo kwa Wings of Africa peke yake utafika kwenye nusu ya Zamrock bila kuongozwa na mtu.

Shikamooni. Babu anasema Mvumi alitoka mpiga gitaa mkubwa wa miaka ya 70, na kwamba Dar es Salaam kulikuwa na bendi za roki. Mbona hatuzisikii? Ni kweli au ni mapenzi ya kwao?
*Msomaji, Mvumi, Chamwino*

Marahaba. Babu yako anasema kweli yote mawili.

Mpiga gitaa huyo ni Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946 na kufariki 2004. Aliiongoza Afro 70, bendi iliyojulikana kwa mtindo wa Afrosa. Afro 70 ilikuwa bendi ya dansi, tusiibatize jina lisilo lake. Lakini sikiliza gitaa na kinanda chake cha umeme: huyu ni mtu aliyekuwa akisikia kilichokuwa kikitokea duniani na kukileta nyumbani kwa Kiswahili. Afro 70 iliiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika na watu weusi, mjini Lagos mwaka 1977, na mwaka 1979 Balisidya alirekodi Bado Kidogo nchini Sweden pamoja na bendi ya huko iitwayo Archimedes. Anayetaka kusikia Mgogo akikutana na roki ya Ulaya aanze na hiyo.

Bendi ya roki hasa ni Sunburst ya Dar es Salaam. Waliita mtindo wao Kitoto Sound: fanki, soul, roki na midundo ya hapa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia, nayo ikatoka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilikusanya albamu hiyo, nyimbo za santuri ndogo za kabla yake na rekodi walizofanya Radio Tanzania, ikazitoa pamoja. Kwa hiyo hii unaweza kuipata leo bila kusubiri mnada.

Kwa nini hatuzisikii? Weka pamoja mambo matatu. Kwanza, hali ya siasa ya utamaduni. Mwaka 1969 Operesheni Vijana ilipiga vita nguo fupi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi iliyopiga kwa mtindo wa Marekani ilipaswa kujieleza. Pili, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo zilirekodiwa kwenye kanda, na aliyetaka santuri alizipeleka Nairobi, huku haki na hesabu zikibaki huko huko. Tatu, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Njia ile moja ikakatika.

Hivyo kumbukumbu kubwa ya Tanzania iko kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo leo ziko mikononi mwa TBC, na kwenye kaseti ambazo watu walirekodi nyumbani kutoka redioni. Kaseti hizo msizidharau. Kaseti ya mkoani yenye sauti ya mtangazaji akitaja bendi na wimbo ni ushahidi wenye thamani kuliko faili safi lisilo na jina.

Mjomba alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Ameacha sanduku la santuri ndogo na kubwa kama 30, nyingi hazina majalada, na baadhi lebo zimechanika. Nitajuaje ni bendi gani na ni za mwaka gani?
*Msomaji, Manyoni*

Sanduku la dereva wa njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, ni la kufunguliwa kwa utulivu. Tenga meza, taa ya pembeni, lenzi ya kukuzia, daftari na simu ya kupigia picha. Kila santuri iwe na ukurasa wake.

Anza na lebo. Nakili jina la msanii, wimbo wa kila upande, jina la mtunzi lililo kwenye mabano chini ya wimbo, kampuni, na namba ya katalogi. Usisahihishe tahajia, hata kama unaona jina limekosewa. Makosa ya kiwandani husaidia kutofautisha toleo moja na jingine. Andika pia nchi iliyotajwa ukingoni mwa lebo kwa herufi ndogo. Herufi ZMPL ni za Zambia Music Parlour, na ukiziona kwenye santuri ya mjomba wako, hiyo iweke pembeni peke yake. Lebo za Nairobi kama Moto Moto na AIT zilitoa bendi nyingi za Tanzania.

Kisha geuza santuri uitazame taa ikiwa pembeni, kwenye ule ukanda laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Humo kuna namba iliyogongwa au kukwaruzwa kwa mkono. Hiyo ndiyo namba ya bamba lililochapia, na hubaki hata lebo ikichanika yote. Inaisha mara nyingi kwa A au B kuonyesha upande. Kosa la kawaida hapa ni kuinakili kwa haraka na kuacha nafasi, kistari au herufi iliyofutwa kwa alama ya X. Nakili kila kitu kama kilivyo. Ukiitafuta namba hiyo kwenye orodha za mtandaoni kama Discogs, utapata toleo lenyewe hasa. Jina la bendi pekee lingekuletea matoleo yote kwa mkupuo.

Kuhusu mwaka: P au C ndani ya duara hufuatwa na mwaka, lakini santuri nyingi ndogo za Afrika hazina. Jalada lenye mistari ya msimbo wa bei si la mwanzo wa miaka ya 1970, ni toleo la baadaye. Santuri nzito ya gramu 180 yenye jalada jipya gumu na bendi ya Zambia ni toleo jipya karibu kila mara. Linasikilizika vizuri, ila bei yake si ya nakala ya kwanza. Na ukikuta santuri nene, nzito, inayolia kama sahani ya udongo ukiigonga kwa ukucha, ni ya kasi 78 (mizunguko 78 kwa dakika), ya zamani zaidi kuliko roki. Itenge, maana usafi wake ni tofauti.

Lebo iliyochanika na namba isiyosomeka haimaanishi umekwama. Rekodi sekunde 30 za kila upande, pamoja na mahali mwimbaji anapotaja jina la bendi au mtu. Bendi za enzi hizo zilitajana sana ndani ya nyimbo, na wazee wa mji hutambua gitaa la solo kabla ya sauti ya mwimbaji.

Vumbi la Kongwa linaniua. Nimeziosha santuri kwa maji ya bomba na sabuni ya unga, sasa zinalia chwaa chwaa kuliko mwanzo. Nimeziharibu?
*Msomaji, Kongwa*

Kwa kawaida hapana. Maji ya visima vya kanda yetu yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo ndiyo inayobaki ndani ya mifereji yakikauka. Sabuni ya unga nayo huacha mabaki. Sindano inapopita inagonga vipande hivyo, ndiyo maana ya kelele. Osha upya hivi.

Nunua maji ya betri, yale yaliyoondolewa chumvi, kwenye duka la vipuri. Soma chupa mara mbili: maji makali ni asidi, hayahusiki hapa hata kidogo. Changanya mililita 750 za maji ya betri na mililita 250 za alkoholi ya isopropili, tia matone 2 au 3 ya sabuni ya maji ya vyombo, yasizidi. Spiriti yenye rangi au harufu ya dawa usiitumie, ina vitu vingine ndani. Kwa zile za kasi 78 usiweke alkoholi kabisa, kwa sababu huyeyusha malighafi yake. Hizo ni maji ya betri na tone la sabuni peke yake.

Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki cha kipenyo cha sentimeta 10 hivi, ukibonyeze kwa kiganja. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, au brashi ya manyoya laini, na uzungushe kwa kufuata mifereji. Usikate mifereji kwa kufuta kutoka katikati kwenda nje, hapo ndipo mchanga unapochora. Mizunguko mitatu kila upande inatosha. Suuza kwa maji ya betri matupu, kwa kitambaa kingine. Wengi huruka suuzo hili, na kazi yote huharibikia hapo. Simamisha kwenye kichanja cha sahani, ndani, mbali na jua na mbali na feni, kwa kuwa feni inarushia vumbi juu ya unyevu. Fanya alfajiri kabla upepo haujaamka, hasa kati ya Juni na Oktoba. Hewa ya miezi hiyo ni kavu, na santuri iliyofutwa kwa kitambaa kikavu inapata umeme tuli unaovuta vumbi lote la chumba.

Santuri iliyosafishwa isirudi kwenye karatasi yake chafu. Kata karatasi nyeupe laini uifunge upya. Zisimamishe wima, zisiegemee, zisilazwe moja juu ya nyingine. Usiziweke juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu plastiki hiyo inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi na ikipinda hairudi sawasawa. Halafu mchwa. Mchwa hawali santuri, wanakula jalada, na jalada ndilo lenye majina. Rafu iwe ya chuma, sentimeta 15 kutoka sakafuni na sentimeta 5 kutoka ukutani.

Ndugu yangu kaniletea pleya ya santuri kutoka Marekani. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120. Inawaka, lakini kila mwimbaji ana sauti ya mzee na nyimbo zinajikokota. Fundi amebadili mkanda mara mbili bila mafanikio.
*Msomaji, Singida mjini*

Mkanda hauna kosa. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, wa Marekani ni wa Hz 60, na transfoma inabadili volti bila kugusa Hz. Pleya yako ina mota inayofuata Hz, kwa hiyo inazunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi yake. Santuri ya 33⅓ inazunguka 27.8 kwa dakika, ya 45 inazunguka 37.5, na sauti inashuka kwa zaidi kidogo ya nusutoni tatu. Ndiyo sababu ya sauti ya mzee.

Thibitisha kabla ya kutumia pesa. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, washa kasi ya 33, na uhesabu mizunguko kwa dakika 3. Ikiwa sawa ni 100. Ukipata 83, na kila ukirudia ni 83, tatizo ni Hz. Ukipata 94, kisha 97, kisha 91, hapo ni mkanda uliolegea au mafuta yaliyoganda kwenye ekseli, na fundi wako ana kazi ya kweli.

Dawa ya Hz ziko tatu. Ya kwanza ni puli ya mota ya Hz 50 ya modeli hiyo hiyo, ikiwa ilitengenezwa. Fundi wa mashine ya kuchonga chuma anaweza pia kuichonga kwa shaba nyeupe: kipenyo cha kila hatua kizidishwe kwa 1.2, na apime kwa kalipa, si kwa rula, kwa kuwa kosa la asilimia 1 tayari sikio linalisikia. Ya pili ni kurekodi jinsi ilivyo na kuongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye kompyuta. Kwa kusikiliza inatosha, kwa kumbukumbu ya kudumu siyo bora. Ya tatu ni kuiuza na kununua yenye mota ya DC, ambayo haijali Hz. Inverta ya bei nafuu isikuvutie kama njia ya mkato. Mawimbi yake ya umeme si laini, mota hunguruma, na mngurumo huo unaingia kwenye rekodi.

Jambo jingine: kama mkono wa pleya hiyo ni mzito wa plastiki wenye sindano ya kaure, unaweza kuwa unabonyeza gramu 5 au zaidi. Katriji ya sumaku, yaani kichwa cha sindano kinachofanya kazi kwa sumaku, hubonyeza gramu 1.5 hadi 3. Santuri ya Zambia ambayo huenda hutaipata tena usiipige kwenye pleya ya gramu 5.

Nimechomeka pleya moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptop. Sauti nyembamba, haina besi kabisa, na inavuma. Nataka kuhifadhi santuri za ukumbi wa zamani.
*Mwanafunzi, UDOM*

Unahitaji amplifaya ya fono kati ya pleya na kompyuta. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, karibu desibeli 20 kila ncha, ili mifereji isigongane. Kigezo hicho huitwa RIAA. Amplifaya ya fono inarudisha mizani. Bila hiyo utasikia kilichopo kwenye mfereji kama kilivyo, nacho hakina besi. Tundu la maiki la laptop nyingi pia ni la mono na linakuza mno. Tumia kiunganishi cha nje cha USB chenye matundu mawili ya laini. Mvumo karibu daima ni waya mwembamba wa ardhi wa pleya usiofungwa. Ufunge kwenye skrubu ya ardhi ya amplifaya ya fono.

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka biti 24 na kHz 96, stirio hata kama santuri ni mono. Cheza sehemu yenye kelele kubwa zaidi kwanza, na uweke kiwango ambacho kilele hakivuki desibeli -6. Rekodi upande wote bila kusimamisha, pamoja na mkwaruzo wa mwanzo. Dakika moja itakula MB 35 hivi, kwa hiyo albamu ya dakika 40 ni kama GB 1.4. Hifadhi kwa FLAC upunguze ukubwa bila kupoteza kitu. Usihifadhi nakala mama kwa MP3.

Nakala mama isiguswe. Kuondoa mikwaruzo kufanyike kwenye nakala ya pili, na polepole, maana programu ikikazwa mno inakula sauti ya matoazi na mapigo ya kwanza ya gitaa, ambayo katika roki ndiyo uhai wenyewe. Ndani ya folda ya kila santuri weka picha ya lebo zote mbili, picha ya ile namba ya ukanda laini, na faili la maandishi lenye sindano uliyotumia, pleya, tarehe na mwenye santuri.

Kaseti ya Afro 70 niliyorithi inatoa sauti ya mbali, kama iko chumba cha pili.
*Msomaji, Mpwapwa*

Tazama kwenye tundu la katikati chini ya kaseti. Panapaswa kuwa na kipande kidogo cha sponji au kitambaa juu ya bapa la shaba. Joto hukausha gundi yake, kikadondoka, kanda ikakosa kubonyezwa kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda. Nunua kaseti mpya tupu yenye skrubu 5, ifungue, hamishia humo kanda yako ya zamani, na pad nzima ya kaseti mpya ifanye kazi. Usigundishe kwa gundi ya haraka, mvuke wake huganda juu ya kanda. Kama pad ipo na sauti bado iko mbali, safisha hedi kwa alkoholi ya isopropili, kisha geuza kidogo kidogo ile skrubu yenye springi kando ya hedi, kaseti ikiwa inacheza, mpaka matoazi yafunguke.

Mnunuzi wa nje ananipa fedha kwa santuri moja ya Zambia. Pia nataka kupandisha nyimbo za bendi za zamani YouTube. Naruhusiwa?
*Msomaji, Kondoa*

Santuri ni mali yako, iuze ukitaka, ila irekodi na kuipiga picha kwanza. Kabla ya kukubali bei, tafuta namba ya bamba kwenye Discogs uone nakala za toleo hilo hilo ziliuzwa kwa kiasi gani na katika hali gani. Mnunuzi anayekataa kutumiwa picha za mwanga wa pembeni, au anayekuhimiza umalize leo, mwache. Ukituma, toa santuri ndani ya jalada uweke nyuma yake, vinginevyo itapasua mshono wa jalada njiani, na iweke kati ya makadibodi mawili magumu yaliyo makubwa kuliko jalada kwa sentimeta 2 kila upande.

Kupandisha nyimbo ni jambo tofauti. Kununua santuri hakukupi haki ya wimbo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Tungo za Balisidya, aliyefariki 2004, zinalindwa hadi mwisho wa 2054. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize nani amesajiliwa kama mmiliki, watafute warithi, na upate ruhusa kwa maandishi. Mara nyingi familia hazina hata nakala moja ya wimbo wa mzee wao. Wapelekee faili kwenye flashi utakapokwenda kuomba.